Furu Asiyekula

Jumamosi, 2 Machi 1985
Leo tena amekataa. Nimempa minyoo, nimempa dagaa wa kuponda. Anasogea, anatazama, anageuka. Nimembadilishia maji, nikaenda foleni ya unga. Uliisha kabla sijafika mbele.

Furu huyu, kisamaki cha ziwani, ni wa mama. Tumbo linamsumbua mama tangu Krismasi, na hospitali wametuambia tukae naye nyumbani. Sangara hamshuki, anasema ni mafuta matupu. Anataka supu ya furu, kama ya zamani. Mdogo wangu Masatu, anayevua sangara, alizunguka kutoka mwalo wa Mwigobero hapa mjini mpaka kwetu kijijini Majita akitafuta. Sangara wamewamaliza, akapata mmoja tu. Mzima, ndani ya debe, hazidi kidole. Mama akasema, "Huyo hata mchuzi hatoi. Mnenepesheni kwanza."

Basi nampigia magoti samaki. Yumo kwenye tangi la kioo aliloacha mwalimu mzungu tuliyepakana naye.

Jumanne, 5 Machi
Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa. Hakugusa. Hasira zikanipanda nikakipiga kioo. Samaki anachagua chakula, sisi tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na fukusi wake!

Zamani furu hawakuwaga hivi. Mimi na mama tulikuwa tunakaa juu ya mawe na ndoana za pini. Chambo ugali. Hujakaa vizuri, ameshashika. Wekundu, weusi, wa bluu wenye mkia wa moto. Tunawachoma palepale kwa vijiti. Mama alikuwa na mikono ya nguvu. Leo nimemnyanyua kama mtoto.

Alhamisi, 7 Machi
Kidevu cha furu kimevimba. Nikajua ugonjwa. Halafu akafunua mdomo kidogo, nikaona macho. Mengi, madogo.

Ana watoto mdomoni. Furu huwabeba hivyo, wala hali mpaka awatoe. Nililijua hili tangu utoto. Miaka ya ofisini imenisahaulisha.

Sijamwambia mama.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwonyesha Masatu. Akasema, "Dada, mama anakwisha na wewe unahurumia samaki? Mpike leo."

Nikamjibu vibaya. Akaondoka bila kunywa hata maji. Ana haki. Baadaye nilishika kisu, nikasimama mbele ya kioo. Sikuweza. Najichukia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwambia mama. Akataka kitanda kisogezwe karibu na tangi.

Mchana furu aliwatoa. Wingu la vitoto, vyembamba kama nyuzi. Mama akainua mkono aonyeshe, kivuli kikaangukia maji, vyote vikarudi mdomoni kwa mama yao. Mara moja, kama vimevutwa. Mama akacheka. Kile kicheko chake cha kukohoa. Nilikuwa nimekikosa sana.

"Warudishe ziwani," akasema.

"Na supu, mama?"

"Supu nimekunywa nyingi mimi. Hao ndio hawajaona kitu."

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada Masatu alikuja na baiskeli. Hatukuongelea juzi. Tulimkalisha mama nyuma, Masatu akasukuma, mimi nikabeba ndoo. Tulikwenda kwenye mawe, mahali sangara mkubwa hapiti. Mama aliinamisha ndoo mwenyewe, sisi tumemshika kiuno. Furu alikaa kidogo pembeni ya jiwe, kisha hayupo.

Kurudi, mama alilala njia nzima, kichwa kimemwegemea Masatu. Masatu alikuwa analia. Nilijifanya sioni.

Jumamosi, 30 Machi
Mama alifariki juzi alfajiri. Jana tumemzika Majita, karibu na baba. Hakuonja furu tena. Inaniuma. Nikiulizwa ningefanyaje, sijui.

Jumapili, 21 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Masatu amekuja na sukari, hakusema alikoipata. Tumekunywa chai tamu, ya kwanza kwa muda mrefu.

Tumeongelea miaka ile tuliyolima pamba kwa mjomba kule Bunda. Mama alikuwaga na wimbo wa kupalilia. Masatu akasema yeye alikuwa mdogo, haukumbuki. Nikamwimbia. Nilifika katikati, maneno yakanipotea.

Akaendelea yeye.