Sauti ya Shangazi Nives

Torino, 9 Novemba 2004

Shangazi Nives mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje na ukungu huu? Sisi tu wazima, ila mume wangu Piero ana mafua na analalamika kama anayekata roho.

Jana dukani, kwenye rafu ya bei poa, nilikutana na uso wako kwenye jalada la diski: Nyimbo Bora za Nives Bandini! Nilijua uliwahi kuimba, kama watu wasemavyo fulani aliwahi kucheza mpira. Kwangu wewe ni shangazi anayeshona mapazia.

Nimesikiliza nikipika, mchuzi ukaungua. Wenzako wa enzi zile wakifika kwenye kiitikio hupiga ukelele. Wewe unashuka. Unalilaza neno kama mtoto aliyesinzia, hadi mimi ndiye ninayesogea karibu. Na ule wimbo wa mwanamke kwenye kituo cha treni cha Bologna: unacheka kidogo kabla ya kusema kwaheri. Nani alikufundisha? Na kwa nini uliacha?

Bintiyo, Loretta

Lugo, 20 Novemba 2004

Loretta mwanangu,

Marahaba. Goti bado ni langu, habari njema ndiyo hiyo tu. Mwambie Piero anywe supu ya kuku aache maigizo.

Kampuni ya rekodi waliniandikia kuhusu diski hiyo, nikasaini, nikasahau. Sitaki kuzisikia nyimbo hizo. Mwaka sabini na nne mkurugenzi wa kampuni hiyo aliniambia mbele ya wanamuziki: "Bandini, watu wanataka mwanamke. Wewe unaimba kama dereva wa lori!" Wapiga fidla wakacheka. Tangu hapo hata kanisani natikisa midomo tu.

Kicheko unachokisifu hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa naogopa.

Shangazi yako

Torino, 2 Desemba 2004

Shangazi,

Natumaini hujambo. Nakutumia diski pamoja na redio ndogo ya kuichezea. Diski imo ndani tayari, bonyeza tu kitufe kikubwa.

Mkurugenzi yule hakuwa na masikio. Piero, asiyesikiliza kitu ila mpira, alizima televisheni mwenyewe. Akaniambia, "Huyu haimbi, huyu ananisemesha mimi."

Bintiyo, Loretta

Torino, 10 Januari 2005

Shangazi yangu,

Uko salama? Krismasi imepita kimya, na simu hupokei. Kama nimekuudhi, nitukane, lakini usininyamazie.

Bintiyo

Lugo, 24 Januari 2005

Mwanangu Loretta,

Ni mzima, usinizike bado. Niliogopa kupokea simu kwa sababu ungeniuliza kama nimesikiliza.

Redio ilikaa mezani ikinitazama. Juzi Norma wa ghorofa ya juu alikuja kuazima mayai, na kwa umbea wake akaibonyeza.

"Nani huyu?"

"Mimi."

"Uongo!"

"Ni mimi, Norma."

Akakaa kitako, mayai mapajani. Wimbo ulipokwisha akanigeukia. "Mpumbavu wewe! Una sauti hiyo, miaka yote unaimbia cherehani?"

Alipoondoka nilisikiliza yote. Nililia, sikufichi. Yule msichana alijua kuimba, Loretta. Nasema hivyo kama ambavyo ningesema juu ya mtoto wa jirani.

Jana kanisani wimbo ulipoanza nilifungua mdomo, na sauti ikatoka, nzito, na kutu yake. Safu nzima ya mbele ikageuka. Padri naye akainua macho kutoka kitabuni.

Sikunyamaza.

Shangazi yako, Nives