Usipa wa Bibi Kwenye Kabati la Hoteli

Mama yangu uliye mbali,

Shikamoo. Bibi hajambo, ni mguu tu unaomsumbua akishuka ufukweni. Hajui kwamba nakuandikia. Anadhani nafanya hesabu.

Kwa simu siwezi. Unanijua, nikishika simu nabaki "ndiyo Mama, hapana Mama" mpaka unakata. Basi naandika, na nitaandika yote, hata ya kunitia aibu.

La kwanza: nilipekua mkoba wako.

Ilikuwa siku ya pili pale hotelini, wewe ukiwa unaoga. Nilikuwa natafuta daftari la wanafunzi, au hata kalamu nyekundu. Ulituambia unafundisha Kiingereza huko China, na Bibi ameitangazia jumuiya nzima. Nikakuta pini za nywele, dawa ya kuchua misuli, na manyoya mawili ya rangi ya chungwa. Nikayarudisha kama yalivyokuwa. Mwalimu gani anatembea na manyoya?

Usikasirike. Sikuzaliwa na tabia hii. Nilikuwa na miaka saba siku uliyoniambia, "Naenda Mbinga mara moja, nikuletee viatu." Tulikuwa mchangani hapa Kihagara tunachambua usipa, dagaa wa ziwa letu, wewe unatoa vijiti na vijiwe, mimi nawaiba waliokwisha kukauka, natafuna. Ulinichapa mkononi kwa utani, ukasema, "Wewe panya, utawamaliza Bibi hajapika." Kisha ukanawa, ukapanda gari. Viatu vilifika baada ya wiki mbili, vikiletwa na kondakta wa basi. Wewe hukufika. Tangu hapo mtu akiniambia anaenda Mbinga, huwa naangalia kwanza begi lake lina ukubwa gani.

Kwa hiyo uliponialika likizo huko China, nilikuja na furaha na macho mawili. Nilidhani unanipeleka kwako. Ukanipeleka hotelini. "Nataka upumzike kama malkia," ukasema. Lifti ya vioo. Kitanda ambacho nyumba yetu nzima ingelala na mgeni juu. Bafu lenye ukuta wa kioo, nikawa naoga nimezima taa. Na chini ya dirisha ule mji wa kale: mapaa ya vigae vya kijivu yaliyopinda ncha, vichochoro vya mawe, daraja la mgongo juu ya mfereji, taa nyekundu zinaning'inia kila mlango. Pazuri, sikatai. Lakini unajua neno la Bibi: mgeni anaonyeshwa sebule, mtoto anaonyeshwa jiko. Siku tatu nilingoja unionyeshe jiko lako. Ukanionyesha bwawa la kuogelea.

Hata mji wenyewe sikuuamini. Pale langoni kulikuwa na mzee wa joho refu anasuka vikapu, ukaniambia, "Mwone, hivi ndivyo walivyoishi." Jioni nikamwona kutoka dirishani anavua joho, ndani ana jezi ya mpira, anapanda pikipiki yake ya umeme, huyoo. Nikajisemea: kumbe.

Lakini kilichoniuma ni usipa. Bibi aliwakausha mwenyewe siku nne, akifukuza kunguru kwa fimbo, akawafunga mifuko mitatu na kitenge juu. "Mpe mkononi," aliniambia. "Asisahau kwao." Nilipofungua begi, chumba chote cha marumaru kikanuka ufukwe wetu. Ulicheka, Mama, lakini mkono ulikwishakimbilia dirisha. Halifunguki. "Mungu wangu, watatufukuza!" Ukawasukumia kabatini. Kesho yake niliporudi kutoka kunywa chai, kabati lilikuwa tupu na chumba kinanukia maua.

"Usipa wako wapi?"

"Nimewahifadhi."

"Wapi?"

"Pazuri. Kula tunda hilo."

Nilijua umewatupa. Nikashuka mapokezi, mimi huyu nisiyenyoosha kidole darasani, nikamuuliza yule dada kwa Kiingereza kama kuna samaki wameonekana kwenye takataka. Akanitazama kama ninaumwa. Samaki? Hapana. Kisha akatabasamu: "Wewe ni binti yake! Mama yako anatuchekesha sisi sote."

"Na wanafunzi wake?"

"Wanafunzi?" Akaziba mdomo. Halafu akashika simu ambayo haikuwa imeita.

Saa tisa ulipotoka kwenda "darasani", nikakufuata. Hili ni la pili la kuungama. Ulivuka daraja, ukapita wauza chai, ukaingia mlango mdogo wa mbao nyuma ya jukwaa la watalii. Pana uzio wa mianzi pale. Nikaweka jicho kwenye upenyo.

Ulikuwa umevaa sketi ya nyasi za plastiki. Manyoya kichwani. Usoni mistari myeupe ambayo kwetu sijaona mtu akijipaka. Na mbele yako, juu ya kreti la soda, jiko la umeme, na sufuria, na ndani ya sufuria usipa wa Bibi na nyanya na kitunguu.

Mlikuwa watano, nyote wa manyoya. Kaka mmoja mrefu alikuwa amekalia ngoma, anakula kwa mkono, amefumba macho. "Dada," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "hawa usipa wa kwetu Malawi."

"Wa kwenu wapi! Wamevuliwa Kihagara hawa. Ninyi mko ng'ambo mnatuangalia tu."

"Ziwa ni moja."

"Ziwa moja, sufuria yangu. Punguza tonge!"

Mkacheka wote. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu siku ile ya mchangani.

Mtu akapiga makofi. Ukajifuta mdomo, mkapanga mstari, mkatoka jukwaani. Muziki ulikuwa wa spika, sijui wa wapi, na watalii waliinua simu zao kupiga picha manyoya. Mimi niliangalia miguu. Ilikuwa kioda, Mama, ngoma ya akina mama wa kwetu. Kioda ileile uliyoicheza mstari wa mbele sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, kisigino kwanza, bila kukosea hata mara moja.

Sikukuita. Hilo ndilo kubwa kuliko la mkoba. Nilisimama pale na jina lako mdomoni, nikalimeza, na mpaka leo sijui niliona aibu kwa ajili yako au nilijionea aibu mwenyewe. Nikarudi chumbani. Ukaja umeoga, unanukia losheni, na daftari jipya kwapani. "Wanafunzi wamenichosha leo." Nyuma ya sikio ulikuwa na rangi nyeupe.

Nikasema, "Pole, Mama."

Uliniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Nadhani ulishuku. Bado najiuliza, na bado sijapata jibu: ni sisi ulioogopa tungekucheka, au ulikwishajicheka mwenyewe?

Siku niliporudi, Bibi hakuuliza ndege wala hoteli. Aliuliza, "Alikuonyesha jiko lake?"

"Nimeliona, Bibi."

"Likoje?"

"Dogo. Lakini lina watu, na wanamaliza chakula."

"Na shule yake?"

"Sikufika."

Alinitazama kwa lile jicho ambalo wewe na mimi tumelirithi, kisha akaendelea kukunja kitenge. Sijamwambia. Si langu la kusema, ni lako.

Hivi nimalizapo kuandika, yuko uani anageuza usipa wengine. Anasema ni wa safari ijayo. Nikija nao, Mama, usinitafutie chumba chenye bwawa. Nitapita daraja, nitagonga ule mlango wa mbao, na safari hii nitakuita. Niachie nafasi kwenye kreti.

Kaa salama, na uchue miguu yako.

Mwanao,
yule panya.