Maelezo Kuhusu Dawa Kali ya Tanki la Mikoroshoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lukelo Fulgence Lihame. Umri: miaka 20. Kabila: Mndamba. Dini: Mkristo, RC. Elimu: darasa la saba, na kidato cha kwanza nilikionja. Kazi: bodaboda na mtangazaji wa spika. Makazi: kitongoji cha Mikoroshoni, Mbingu.

Mimi Lukelo nimeelezwa na afande kwamba niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nami nimekubali bila kulazimishwa. Kwanza iandikwe kwamba bonde zima la Kilombero hakuna sauti kama yangu. Nikikohoa Mbingu, viboko wa Lupiro wanazama. Afande amecheka, lakini nimeomba aandike na ameandika.

Mnamo tarehe 14/03/2025, siku ya Ijumaa, majira ya saa moja asubuhi, nilikuwa kijiweni nasubiri abiria. Alikuja dada Digna, fundi wa mradi wetu wa maji, ule wa kisima na tanki unaosimamiwa na kamati ya watumia maji hapo kitongojini. Nilimpa shikamoo, akaitikia juu juu, ana haraka. Alisema mafuriko yaliingia kisimani, maji yalipopimwa yakakutwa na vijidudu vya kinyesi, kwa hiyo alfajiri ile ametia klorini nyingi kwenye tanki ili kuyasafisha.

Akasema, "Yakiwa makali hivi hayanyweki. Watu wasichote mpaka niyamwage, nijaze mengine, nipime yafike kiwango. Pita utangaze."

Nikamjibu, "Dada, umefika kwa mwenyewe. Leo hata mbuzi watafunga kunywa."

Akasema, "Lukelo, sitaki manjonjo."

Nilifunga spika nyuma ya pikipiki nikaingia mitaani. Tangazo langu nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu lilikuwa tamu: "Tangazo! Tangazo! Maji ya tanki yametiwa dawa kali! Dawa inayoua kila kidudu chenye roho! Atakayekunywa asimlaumu mtu!"

Lilifika, afande. Jamani, lilifika! Akina mama walimwaga ndoo, mzee mmoja akatoka bafuni na povu kichwani akiniuliza afanyeje. Nikaona leo nimetangaza, siyo yale matangazo ya mechi ambayo watu wanasikiliza huku wanapiga miayo.

Ila afande ni mgeni huku, nimweleze. Kwetu bondeni mtu akisikia dawa kali, anazijua mbili tu. Kuna ile ya kuua magugu kwenye mpunga, na kuna ile wanayotia mtoni watu wasio na haya, samaki wakaelea matumbo juu. Hakuna anayefikiria ya kusafisha.

Nilipozunguka na kurudi kwenye tanki nilikuta umati. Mbele alikuwa Paskalina, mama mpika vitumbua, amemshika mwanawe mdogo, anamtia kidole kooni atapike. Alikuwa analia, "Ameshakunywa! Kikombe kizima ameshakunywa!"

Dada Digna alisema, "Mama, tulia. Maji haya yananuka, yanawasha koo, lakini siyo sumu. Mpeleke zahanati wamwangalie. Na ninyi subirini niwaonyeshe." Akatoa kichupa chake cha kupimia, akakinga maji bombani, akatumbukiza kidonge. Maji yakawa mekundu palepale.

Gasper, kijana mvuvi, akaruka juu. "Damu! Mmeona? Imegeuka damu!"

"Gasper, acha ujinga. Rangi hii ndiyo klorini yenyewe. Ikizidi inakolea."

"Klorini gani? Sisi tumesikia dawa! Tena kali!"

Jiwe la kwanza sikuona nani alirusha. La pili lilimpata dada Digna juu ya jicho. Hapo nilinyonga mafuta, nikaingia katikati ya watu huku nimefungulia king'ora cha spika, wakapisha njia, nikasema, "Panda!" Akapanda. Iandikwe kwamba wengine walisimama wanatazama na simu mkononi, mimi ndiye nilimtoa, kioo cha pikipiki kimebaki kule.

Nilimleta hapa kituoni nikidhani atapewa ulinzi. Watu wakatufuata na pikipiki nyingine, wakamshtaki kutia sumu kwenye maji ya kunywa. Mpaka natoa maelezo haya yupo mahabusu, damu imekauka usoni. Mtoto wa Paskalina amepimwa na muuguzi wa zahanati, aliyesema hana kitu, koo tu limechubuka kwa kidole cha mama yake. Hata hivyo watu bado wako nje ya geti.

Paskalina aliniuliza hapo getini mbele ya wote, "Wewe nani alikutuma utangaze dawa?" Nikajibu, "Digna." Hilo ni kweli, alinituma. Wakapiga kelele, nami nikaingia ndani.

Afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Pale kijiweni dada Digna alinishika mkono akaniambia, "Usitaje dawa, Lukelo. Watu wetu watafikiria ya magugu. Sema maji yanasafishwa, basi." Nikamwambia sawa dada. Mtaa wa kwanza nilitangaza hivyohivyo, maji yanasafishwa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikaona aibu kwa spika yangu. Mtaa wa pili nikabadilisha.

Neno dawa halikutoka kwake. Ni langu. Na pale getini nililijua hilo nikamwachia yeye alibebe.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na yote nimeyasema mimi.

Sahihi: L. F. Lihame

Maelezo haya nimeyaandika mimi WP Natalia, nimemsomea shahidi kwa sauti, ameyakubali bila kufuta kitu. Ameomba kumwona Digna. Digna ameulizwa, amesema bado. Shahidi yupo kwenye benchi.