Karatasi Chini ya Kopo la Sukari

Baba, shikamoo.

Gari lisiwashwe. Nimeshachomoa waya wa betri, na usiurudishe. Nimeenda kazini kwa basi. Chai iko kwenye chupa.

Nilipowasha asubuhi, moshi ulifuka chini ya boneti. Harufu ya plastiki iliyoungua bado imeniganda kooni. Nikafungua kisanduku cha fyuzi, kinyaa kikanishika. Rilei, ile swichi ya kuwashia feni ya injini, imeyeyuka kama mshumaa, na fyuzi yake umeiviringishia karatasi ya kung'aa! Baba, una binti fundi umeme wa magari, analala chumba cha pili, na bado unafanya mambo haya? Fyuzi ilikuwa inakatika kwa sababu kuna waya umechubuka unagusa bodi. Ilikuwa inakuonya. Wewe ukaiziba mdomo, moto ukahamia kwenye rilei. Na Mama ndiye anayepanda gari hilo kwenda kliniki!

Jioni nitabadilisha waya na rilei. Usimwite yule rafiki yako anayetengeneza kila kitu kwa nyundo.

Sasa hiyo karatasi. Nimeikunjua. Ni ya ndani ya pakiti ya sigara, na bado inanuka tumbaku. Hospitalini, kifua kimekubana, ulituapia mimi na Mama kwamba umeacha.

~~Nitamwambia Mama nikirudi.~~

Nimeiweka chini ya kopo la sukari. Mama huamka saa mbili, na chai bila sukari haipiti kwake. Mwambie kabla hajalinyanyua.

Kifungua mimba wako