Maziwa ya Kila Jioni

Jumatatu, 9 Juni

Naanza leo, na nimeapa: nitaandika yote, hata yanayomhusu Baba. Nikianza kuficha, heri nisiandike kabisa.

Jioni ilikuwa kama kawaida. Mama alimkama ng'ombe wetu Chelel, nikamimina maziwa kwenye jagi la bluu, nikateremka kati ya mistari ya chai hadi kwa Mama Moraa. Yeye ndiye anayetuchumia chai. Alikuja kutoka Kisii akiwa na Moraa mgongoni, Baba akawapa ile nyumba ya mabati iliyo chini ya shamba. Moraa na mimi tuko kidato cha tatu, dawati moja. Wiki iliyopita alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Huwa Mama Moraa ananiita mkamwana, ati ataniozesha kwa mwanawe wa mwisho, ambaye bado anavaa suruali nyuma mbele. Leo alisema asante tu.

Hajalipwa tangu Krismasi. Baba humwambia angoje bonasi ya chai. Bonasi ni Oktoba.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 11 Juni

Somo la Biashara. Mwalimu alifundisha kuhusu mwajiri na mwajiriwa. Mwajiri asiyelipa mshahara ametenda kosa. Si deni tu, ni kosa. Akishtakiwa na kupatikana na hatia, faini isiyozidi shilingi laki moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Kiplagat akainua mkono. "Mwalimu, na kama mdosi ni babako?"

Darasa zima likacheka. Alikuwa anatania tu. Hajui lolote. Mimi nilitazama mahali pa Moraa. Nimeweka mkoba wangu hapo ili asikae mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Moraa. Yote, na habari ya ofisi ya kazi kule Kericho, kwamba kupeleka malalamiko huko hakulipiwi chochote.

Nilidhani atafurahi. Alikuwa anaosha masufuria. Alisema, "Wewe unasema hivyo kwa sababu hakuna wa kukufukuza kwenu."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu aliyeiba.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Baba aliongoza maombi. Aliombea mvua, wagonjwa na wote wanaotoa jasho mashambani. Mama Moraa hakuwapo.

Sikusema amina. Baadaye nikaisema peke yangu njiani. Niliogopa.

Jumatano, 18 Juni

Imetokea. Leo walimu walikuwa na mkutano, hatukuwa na shule. Mzee wa kijiji alileta karatasi ya wito kutoka ofisi ya kazi. Baba aliisoma amesimama kati ya michai, akaikunja, akaitia mfukoni, akaitoa, akaisoma tena. Kisha akateremka kwa Mama Moraa. Niliwasikia kutoka juu.

"Hii nyumba ni ya wafanyakazi wangu. Wewe sasa ni mfanyakazi wa serikali. Waambie wakupe nyumba."

Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameondoka. Pikipiki mbili. Kwenda Sigowet, kwa dada yake Mama Moraa. Godoro halikutosha kwenye pikipiki. Moraa alilibeba kichwani hadi barabarani na hakugeuka.

Jioni nilimimina maziwa kwenye jagi na kuteremka. Miguu ilienda yenyewe. Mlango ulikuwa na kufuli. Nilisimama pale, kisha nikapanda na maziwa yangu.

Mimi ndiye niliyesema. Baba hajui.

Alhamisi, 19 Juni

Karo yangu hulipwa siku shule inapofunguliwa. Kila muhula. Sijawahi kuuliza inatoka wapi.

Ijumaa, 20 Juni

Baba ameniita sebuleni. Jumatatu tunaenda naye Kericho. Mimi ni shahidi.

Alisema kwa sauti ya upole. Nitaulizwa kama nilipeleka maziwa kwa Mama Moraa kila jioni. Niseme ndiyo. Hakuna uongo hapo. Maziwa ni mali, na nyumba ni mali. Kwa hiyo alikuwa analipwa. "Utasema ukweli tu, Cherono. Wewe si mtoto wa kusema uongo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nimejichukia.

Jumamosi, 21 Juni

Sikai mahali. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimefungua kitabu cha Kemia nikakifunga. Naona Baba akiwa na nguo za wafungwa. Yeye ndiye aliyenifundisha baiskeli kwenye barabara ya Sosiot, akikimbia kando yangu na viatu vyake vya kanisani. Halafu namwona Moraa na godoro.

Nilimuuliza Mama maziwa yalianza vipi. Alikuwa anaosha kibuyu. Hakuinua macho.

"Moraa alikuwa na kifua kibaya akiwa mdogo. Nikasema mtoto wa jirani hawezi kukohoa hivyo na mimi nina ng'ombe."

"Baba alijua?"

"Babako hajui hata jagi ni la rangi gani."

Jumatatu, 23 Juni

Sasa niandike polepole.

Afisa wa kazi ni mama mwenye sweta ya zambarau. Tuliketi kwenye benchi, Baba na mimi upande huu, Mama Moraa upande ule. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Sikuweza kumsalimu vizuri.

Baba aliongea kwanza na aliongea vizuri. Maziwa kila siku. Nyumba bila kodi. "Hawa ni kama watu wangu wa nyumbani."

Mama Moraa hakupandisha sauti. "Baba Cherono, mtu wa nyumbani hatolewi na godoro kichwani."

Afisa akanigeukia. Nilipeleka maziwa? Nikasema ndiyo. Baba akashusha pumzi. Nani alinituma? Mama. Alisema ni ya nini?

Hapo ningenyamaza. Baba alikuwa anatazama mikono yangu. Nilisema yalikuwa ya kifua cha Moraa. Nilisema Mama aliyatoa kwa moyo na mimi nikayabeba kwa moyo, na hakuna aliyewahi kuniambia ni mshahara.

Nililia. Sikutaka, lakini nililia.

Afisa alimwambia Baba kwamba mshahara hulipwa kwa pesa, mkononi mwa aliyeufanyia kazi, na zawadi haigeuzwi malipo baada ya ugomvi. Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Asipolipa yote, faili itaenda mahakamani. Akamtajia faini na kifungo, maneno yaleyale ya darasani. Kule yalikuwa maneno ya mtihani. Hapa yalikuwa yanamtazama Baba.

Nje ya ofisi nilimwambia Baba pia kwamba mimi ndiye niliyemweleza Moraa kuhusu ofisi hii. Alinijibu tulipofika kwenye lango letu.

"Ungenyamaza tu," alisema.

Jumanne, 24 Juni

Habari imefika shuleni kabla yangu. Kiplagat ananiita Shahidi wa Maziwa. Kuna mwanafunzi mgeni anayetaka kiti cha Moraa. Nimekataa kutoa mkoba.

Baba hasemi nami. Chai imekomaa shambani, hakuna wa kuchuma. Baada ya shule Mama na mimi tunachuma. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi na mgongo unauma. Tunajaza kikapu kimoja, Mama Moraa angejaza vitatu.

Ijumaa, 27 Juni

Baba amemuuza Chelel. Alimpakia kwenye pikapu kabla hakujapambazuka na kumpeleka mnada wa Mulot. Hapa karibu kuna soko, lakini hapa kila mtu anamjua yule ng'ombe, na Baba.

Mama alisimama langoni muda mrefu baada ya gari kuondoka.

Jumatatu, 30 Juni

Amelipa. Mbele ya afisa, yote. Mama ndiye aliyeniambia. Nilikuwa nashona soksi na nikaendelea kushona, lakini sikuona sindano.

Jumapili, 6 Julai

Mvua tangu alfajiri. Hatukuwa na maziwa. Tulikunywa chai ya rangi, sisi watu wa chai. Baba alionja, akaniambia nimwongezee sukari. Ni mara ya kwanza kusema nami tangu Kericho. Nilimwongezea vijiko viwili. Akasema inatosha.

Kisha akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, kama Mama Moraa amepata kazi huko Sigowet. Mama alisema amepata, na kwamba kesho atapita kuchukua jembe lake lililobaki. Baba alitazama mvua. Hakusema asije.

Nimeandika kikaratasi cha kumpa ampelekee Moraa. Nakinakili hapa kwa sababu niliapa.

Moraa, maziwa hayapo tena, kwa hiyo nakuja na mikono mitupu. Mgeni anaendelea kuulizia kiti chako. Mamako anarudi huko kesho jioni na kikaratasi hiki, nitumie jibu kwenye simu ya mama yangu usiku huohuo: niendelee kuweka mkoba hapo, au niutoe?