Tisini na Saba Jumlisha Tisini na Nane

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimemaliza ukurasa wa matokeo! Mwenyewe, kwa JavaScript, lugha ya programu, kwenye kompyuta pekee ya chuo chetu hapa Nkubu. Unaandika maksi za nadharia, unaandika za vitendo, unabonyeza, alama ya + inajumlisha. Bwana Mutembei, mkurugenzi, headmaster mstaafu, amesema namba moja ataajiriwa kufundisha kompyuta. Nina 97 na 98. Nimeshaanza kujiita mwalimu, kimoyomoyo.

Jumanne, 7 Septemba

Wa pili. Jumla yangu 9798. Kiunga ana 31100!

Kiunga ni mpwa wa mkurugenzi. Nadharia 31, vitendo 100 — alisahihishwa na mjomba, na vitendo vyenyewe vilikuwa kuwasha na kuzima. Nikamwambia mkurugenzi mitihani miwili ya mia mia haiwezi kuzaa elfu thelathini na moja. Akasema hizo ni maksi za kisasa, sisi tumezoea ndogo kwa sababu ya chaki.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimelipata kosa. Ni langu. Ukiandika namba kwenye kisanduku, mashine inaichukua kama maandishi, na + ikikuta maandishi haijumlishi, inayaunganisha tu. 97 ikashikana na 98. Alama ya kutoa, nimeijaribu, inatoa sawasawa!

Kwa hivyo, ili nipate kazi ya kufundisha programu, lazima nithibitishe kwamba programu yangu ni mbovu. Nimecheka. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo. Hii kazi naitaka sana.

Ijumaa, 10 Septemba

Cheti cha Kiunga kimechapishwa: 31100. Mamake amechinja mbuzi. Nimekula.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimerekebisha. Nikamwita mkurugenzi, nikaingiza maksi zangu mbele yake. 195. Akavaa miwani, akaangalia sana.

"Winrose, wiki jana ulikuwa na 9798. Leo 195. Umeshuka hivi, what happened?"

Nikamwomba tuingize na za Kiunga. Akakataa. Aliyehitimu harudii mtihani.

Kiunga anaanza kufundisha leo saa nane. Somo la kwanza ni alama za hesabu. Sasa ni saa saba na nusu, na amekuja kwenye dawati langu na daftari jipya, sauti chini.

"Winrose, hebu nionyeshe hii plus inafanyanga nini."

Nimemwambia ninazo plus mbili: ya kufundishia, inayojumlisha, na ya cheti chake, inayounganisha. Achague.

Amesimama hapa. Bado anafikiria.