Mguu wa Nne

Emali, Ijumaa, Agosti 1978

Na mchungaji ameenda nyumbani na rangi yangu mkononi.

Landrova kuukuu ya kanisa ilipinduka ikitoka Tseikuru, na dereva Mutuku akatolewa chini yake amezimia. Ndiyo maana waliniletea niiwekee fremu ya mabomba, ili ikipinduka tena paa lisifinye watu. Miguu mitatu ya fremu niliichomelea vizuri. Nikiwa kwa wa nne stima ikapungua, chuma kikashikana juu juu tu. Nilijua. Nikapaka rangi haraka kwa sababu watu walikuwa wamefika kanisani kuombea gari.

Mchungaji aliweka mkono pale pale, kwa mguu wa nne. Nikaitikia amina na wengine. Alipoona rangi imemshika akacheka. "Fundi, kazi yako imenipaka mafuta!"

Mutuku akaning'inia kwa fremu kwa mikono yote miwili. "Sasa nitalala bila kuota," akaniambia. Nikakusanya vifaa vyangu. Kwa nini sikumwambia?

Kesho alfajiri anabeba mama kumi wa kwaya.

Usiku nikaacha chakula mezani. Nikarudi kanisani na msumeno wa chuma, nikamwambia mlinzi nimesahau kitu. Nikaanza kukata ule mguu. Sikufika nusu, ukaachia wenyewe.

Asubuhi watasema ni mwizi. Nitakuwa hapo kwa geti niwaambie ni mimi, na kwa nini.

Ningeweza kusema tu bila kukata. Lakini najijua. Nikiukuta mzima, nitaitikia amina tena.